Ntinyari Aliyehesabu Watu wa Kwao

Upande wa Kibirichia, kule Meru, ukimwuliza mwanamke ana watoto wangapi, hakupi nambari. Anakutajia majina, mmoja baada ya mwingine, kisha anakuacha uhesabu mwenyewe kwa dhambi yako. Hata mbuzi huhesabiwa kwa macho, bila kidole. Wazee wanasema mtu akihesabiwa, hesabu hiyo husikiwa na asiyetakiwa kuisikia, na hazipiti siku nyingi kabla haijapungua.

Lydiah Ntinyari alilijua jambo hili tangu akinyonya. Tena alimwahidi mama yake. Sasa mtu anajua, ameahidi, na bado anafanya. Utamhurumia au utamcheka? Mimi nilianza kwa kumcheka. Nilikuwa sijasikia mwisho.

Ntinyari alikuwa mpiga chapa katika byuro moja, duka la kupigia watu chapa, mjini Embu. Kazini walimwita Lydiah, jina la ubatizo. Ntinyari lilikuwa jina la nyumbani, jina la mama ya mama yake, na ndilo alilolipenda. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, mume mwalimu, binti mmoja wa miaka saba, na vyumba viwili vya kupanga mtaa wa Dallas. Alikuwa na cheti cha upigaji chapa, aliimba kwaya, na habari za wazee alizisikiliza kwa heshima ya mtu anayengoja zimalizike.

Mwaka wa tisini na sita tajiri wake, Bwana Munyi, aliuza tapureta zote isipokuwa moja, akaleta kompyuta. Mwaka uliofuata akaleta skana. Ilikuwa sanduku bapa lenye kioo juu. Unalaza picha kifudifudi, unafunga kifuniko, mwanga unapita chini taratibu, na sura ya mtu inajitokeza kwenye skrini. Kazi yake kubwa ilikuwa ratiba za mazishi. Wenye msiba walikuja na picha ya marehemu wao, mara nyingi ya kitambulisho, na Ntinyari akaikuza mpaka ikatosha ukurasa wa mbele. Ndiyo maana watu wa sokoni walikuwa na maneno yao: picha yako ikilazwa pale ungali hai, umejitanguliza. Ntinyari aliwacheka.

Kisha ikaja ile mvua ya Elinino, mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Nani hakumbuki? Madaraja yalienda, viazi vilioza shambani, na paa la Marcella, mama yake Ntinyari, likaanza kuvuja juu ya kitanda. Chini ya kitanda kulikuwa na mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe ndimo zilimokaa picha zote za nyumba ile. Ntinyari alipofika Krismasi alifungua mkebe akakuta maji kidole kizima. Picha zilikuwa zimegandana kama mboga za jana. Alipojaribu kubandua moja, shavu la marehemu baba yake lilibaki kwenye mgongo wa picha nyingine.

Alilia, jamani. Mtu mzima alikaa kwenye kigoda akalia.

"Za nini hizo?" Marcella alisema. Alikuwa anakaribia miaka sabini, mfupi, mwenye ulimi usioogopa padri wala chifu. "Waliokufa wamekufa na mvua ikawakuta humo ndani."

"Mama, niachie nizipeleke Embu. Nitazikausha, nitazitia kwenye kompyuta kabla hazijaisha. Nitatengeneza kitabu. Kila mtu wa hapa kwetu na sura yake na jina lake na mahali alipozaliwa. Hata mvua ikinyesha mwaka mzima, watakuwa salama."

Marcella alimsogezea mkebe. "Chukua," akasema. "Andika majina. Lakini usituhesabu."

"Siwezi kuwahesabu, mama."

"Niangalie. Usituhesabu."

"Sitawahesabu," Ntinyari akasema, na alisema kweli kabisa kama alivyoijua siku hiyo.

Wiki mbili za kwanza za Januari alifanya kazi hiyo saa ya chakula, wenzake wakiwa wameenda kula. Picha alizitenganisha kwa uzi mwembamba, kama akina mama wanavyokata ugali. Nyingine zilikufa mkononi mwake. Nyingine zilivumilia mara moja tu, zikalala juu ya kioo cha skana, zikapita, na zilipoinuliwa zikaacha ngozi yake pale. Kwa hiyo sura za watu wengi wa kwao zilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya disketi moja nyeusi ya ukubwa wa kiganja.

Na hapo ndipo kosa lilipofanyika. Kompyuta ya Munyi ilikuwa ya zamani. Faili haikukubali jina la zaidi ya herufi nane, na mpiga chapa yeyote wa wakati ule alikuwa na njia moja ya kwenda mbio: alitia neno fupi na nambari. Ratiba za mazishi zilikuwa MAZIKO01, MAZIKO02, na kuendelea. Ntinyari, mkono ukienda wenyewe, akaandika MTU01, baba yake marehemu Mwendwa. MTU02, mama. Kisha watoto kwa kufuatana, kaka yake Bundi akawa wa tatu, yeye mwenyewe kitinda mimba akawa wa tisa. Kisha wajukuu. Wa mwisho kabisa alikuwa binti yake, Sheila.

Picha ya tisa ilimchukua muda. Ilimwonyesha Marcella kijana, mwembamba, ana mtoto mgongoni. Padri wa misheni ndiye aliyeipiga. Dada zake walikuwa wakimwambia tangu utotoni, ni wewe huyo mgongoni, na mama yao hakuwahi kusema lolote. Kwenye skrini Ntinyari aliikuza mpaka uso wa mtoto ukajaa, jicho moja wazi na jingine limezibwa na kitambaa. Nyuma yao, mbali kidogo, aliona kitu ambacho kwa macho matupu hakikuonekana: safu ya miti iliyochongwa ncha, imesimama karibu karibu.

"Tazama," alimwambia Phyllis, mwenzake wa meza ya pili. "Hata boma letu la ng'ombe linaonekana."

"Hilo boma la ng'ombe ama la simba?" Phyllis akauliza, wakacheka wote wawili.

Jumamosi alimaliza. Alipiga chapa ukurasa wa mbele wa kitabu, akaupamba kwa mistari pembeni, na chini, kwa sababu kila orodha aliyowahi kupiga maishani mwake iliishia hivyo, aliandika: *Jumla ya watu, 31*. Alikuwa ameshautoa kwenye mashine, ungali na joto, alipousoma. Akaona alilofanya.

Angeweza kuuchana. Badala yake aliukunja akautia kwenye mkoba, akajiambia mambo ya kizamani hayo, mimi ni mtu wa kanisa. Usiku huo alilala vizuri. Nasema hivi ili msidhani alikuwa mtu wa kuogopa ovyo.

Jumatatu mwalimu wa darasa alimtuma mtu byuroni kusema Sheila ameanguka mstarini.

Alimkuta amelazwa kwenye benchi la ofisi, ana moto mpaka nywele, meno yanagongana. Kufikia saa nane alikuwa hospitalini, na kufikia jioni alikuwa hamjui mama yake. Macho yalikuwa wazi lakini yalipita juu ya mama yake kama yanapita juu ya ukuta. Daktari alisema malaria, imepanda kichwani, wamtie dawa ya maji kwenye mshipa na wangoje.

"Tungoje nini?" Ntinyari akauliza.

"Tungoje, mama," daktari akasema.

Mumewe, mwalimu Muchangi, alikuwa Mmbeere, mtu mtulivu anayependa sababu. Alizitoa zote. Krismasi alikuwa amempeleka Sheila kwa nyanya yake kule Mbeere. Mvua ilikuwa imejaza mabwawa. Mbu walikuwa wengi mno. Watoto wengi wa kule walikuwa wanaugua, na ugonjwa hukaa mwilini siku kadhaa kabla ya kujitokeza. Kila alichosema kilikuwa kweli, na Ntinyari alitikisa kichwa kukubali, na ndani ya kichwa hichohicho kulikuwa na neno moja tu, thelathini na moja. Sheila alikuwa wa mwisho katika hesabu, na hesabu huanza kupunguzwa mwishoni.

Hakumwambia mumewe. Angesemaje? Mke wa mwalimu, mwanakwaya, aseme mtoto anakufa kwa sababu ya faili?

Jumanne Sheila alipata degedege mara mbili. Wauguzi walimwomba mama atoke nje, naye akasimama kwenye ukumbi akishika ukuta. Aliomba Baba Yetu, akifika kwenye makosa yetu anarudi mwanzo. Alikuwa akiogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na kilichomtesa zaidi ni kwamba hakujua amwogope nani. Mungu alimjua. Mbu alimjua. Huyu anayesikiliza hesabu hakumjua, wala hakujua humwombaje msamaha.

Jumatano asubuhi alipita byuroni kuomba ruhusa, na simu ikalia akiwa amesimama hapohapo. Ilikuwa ya dada yake, kutoka Meru mjini. Kaka yao Bundi alikuwa anabadilisha mabati ya mama, ngazi ikateleza, ameanguka na kuvunjika mkono mahali pawili.

Bundi, wa tatu.

Ntinyari alirudisha simu mahali pake polepole. Phyllis alimletea kiti, na hapo mambo yakamshinda, akamwambia yote, ahadi ya mama, nambari, jumla. Phyllis alikuwa mwenyeji wa Embu, na Embu nako watu hawahesabiwi. Alijifunika mdomo kwa mkono.

"Na ulijua, Lydiah?"

"Nilijua."

"Asiyesikia la mkuu," Phyllis alianza, akaona uso wa mwenzake, akaliacha. "Basi futa. Futa yote sasa hivi. Zikiwa hazipo, si hesabu haipo?"

Ntinyari aliitia disketi kwenye mashine, akachagua faili zote, akabonyeza amri ya kufuta. Mashine, kwa Kiingereza chake, ikamwuliza kama ana hakika anataka kuwaondoa wote thelathini na mmoja.

Kidole kilikaa juu ya kitufe. Mle ndani mlikuwa na shavu la baba yake, ambalo kwingine kote halikuwapo tena. Lakini si hilo lililomzuia. Lililomzuia ni swali lenyewe. Amewahesabu, sasa awaondoe? Je, kuwafuta watu ni kuwaponya, au ndiyo kuimaliza kazi iliyoanzwa? Kama kuandika mtu wa thelathini na moja kumemlaza Sheila hospitalini, kumfuta kutamfanya nini? Alitazama lile neno la kuulizwa mpaka herufi zikacheza. Hakuweza kubonyeza ndiyo, wala hakuweza kubonyeza hapana. Mwishowe aliitoa disketi hivyohivyo, akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua dawa ya jambo hili, na alikuwa Kibirichia.

Alhamisi alfajiri alimwambia mumewe anaenda kumwona mama. Muchangi, ambaye katika miaka kumi ya ndoa hakuwahi kumpandishia sauti, alimpandishia.

"Mtoto hajitambui, na wewe unaenda Meru?"

"Nitarudi leo."

"Mama Sheila, akiamka akuulize, nimwambie nini? Na asipoamka?"

Alimbusu mtoto kwenye paji, moto uleule, akaondoka akijua kwamba kama atakuta kitanda kitupu jioni, hakuna mtu atakayemsamehe, na yeye wa kwanza. Safari nzima aliishika disketi ndani ya leso, hakuiweka mkobani, akihofia sijui nini, labda itapotea, labda haitapotea.

Marcella alikuwa jikoni akichagua viazi vya mbegu. Vizuri kushoto, vyenye ugonjwa kulia. Alimtazama bintiye mlangoni, akajua papo hapo kwamba hakuja kwa ajili ya mkono wa Bundi.

"Mama, nimewahesabu," Ntinyari akasema. Hata salamu hakutoa.

Aliyasema yote amesimama, mikono imeshika leso. Marcella aliendelea kuchagua. Kiazi kizuri, kibaya, kizuri. Kisha akakoma.

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

"Nilikwambia uniangalie, ukaniangalia."

"Mama, nifanye nini? Niambie tu, nitafanya. Nizichome? Nichinje mbuzi? Sheila atakufa."

"Keti," Marcella akasema. "Niambie ulivyowataja. Kwa mpangilio uleule. Usiruke mtu."

Ntinyari aliketi kwenye gunia. Alitoa ule ukurasa mkobani akasoma. Mwendwa. Marcella. Akataja ndugu zake. Alipojitaja mwenyewe, mama yake akainua mkono.

"Wewe umeweka picha gani?"

"Ile niko mgongoni mwako. Ya padri."

"Nyuma yangu kuna nini?"

"Boma la ng'ombe. Lina miti imechongwa ncha. Niliikuza, nikaiona vizuri."

"Tangu lini ng'ombe wakachongewa miti?" Marcella hakupandisha sauti. "Wewe ulizaliwa mwaka gani?"

"Sitini na mbili."

"Sitini na mbili ile miti ilikuwa imekwisha kung'olewa, na sisi tumerudi mashambani mwetu. Lile si boma. Ni kijiji cha dharura. Wazungu walitukusanya humo, wakatuzungushia handaki na miti, ili tusiwapelekee chakula wapiganaji wa msituni. Sisi wenyewe ndio tulichimba lile handaki. Baba yako alikuwa kizuizini. Nilikuwa naenda kuchimba asubuhi, nawaacha watoto na mwanamke jirani."

Moto ulikuwa unafuka, na Ntinyari hakuufikiria. "Kwa hiyo ni nani mgongoni?"

"Ntinyari," Marcella akasema.

Alirudi kuchukua kiazi, akakishika tu.

"Surua iliingia kijijini. Iliua watoto wengi, nikirudi jioni nakuta huyu hayupo, huyu hayupo. Siku moja nikarudi, hayupo wangu. Tukamzika nje ya miti, upesi, saa ya kufunga lango imekaribia. Na langoni, kila jioni, kulikuwa na askari wa kutuhesabu. Nyumba yangu ilikuwa watu watano kwenye kitabu chake. Jioni hiyo tukapita wanne. Akaniuliza wa tano yuko wapi. Nikashindwa kusema, maneno yalikuwa hayatoki. Akasema nimempeleka msituni kwa wale watu. Akanichapa mpaka Bundi, mtoto mdogo, akapiga kelele kwamba amekufa, amekufa. Ndipo akatoa kalamu yake, akarekebisha."

Ntinyari aliulaza ule ukurasa magotini, kifudifudi.

"Bundi nilimwambia asiseme tena, na hajasema. Dada zako walikuwa wadogo. Ulipozaliwa wewe, jina la mama yangu lilikuwa limeanguka chini, nikaliokota nikakupa. Na niliogopa. Kila ulipokohoa niliogopa. Sasa mtu akiniuliza, Marcella, una watoto wangapi? Nikisema saba, nimemkana. Nikisema wanane, wataniuliza wa nane yuko wapi, kama yule wa langoni. Ndiyo maana sihesabu. Wengine wana mila zao. Mimi nina hiyo."

Kisha Marcella akanyoosha mkono wenye udongo, akauchukua ule ukurasa, akauweka juu ya mapaja yake ingawa hakujua kusoma.

"Umesema jumla ni ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Umekosea. Kuna mtu hukumhesabu. Na hesabu iliyokosewa haimpati mtu yeyote, inapotea njiani. Kwa hiyo hukutuhesabu. Umesikia? Hukutuhesabu. Inuka urudi kwa mtoto wako."

Mimi nimeulizia mila hiyo, ya kwamba hesabu iliyokosewa haimpati mtu. Nimewauliza wazee wa Kibirichia na wa Muthara pia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia. Nadhani Marcella aliitunga palepale jikoni, kati ya kiazi kimoja na kingine. Alikuwa na kitu kimoja tu alichokuwa amekificha miaka arobaini na zaidi, na alikitoa siku hiyo ili binti yake apate kupumua.

Ntinyari alipumua, lakini hofu haikumtoka. Ilibadilika tu. Njia nzima ya kurudi aliona lango, na askari mwenye kalamu, na kitanda cha hospitali, na hakujua tena kipi ni cha zamani na kipi cha leo. Alipofika hospitalini jua lilikuwa linaelekea kuzama. Aliposhika mlango wa wodi alishindwa kuusukuma. Alisimama pale, mkono kwenye kitasa, mpaka muuguzi aliyetaka kupita akamsukumia.

Kitanda hakikuwa kitupu. Sheila alikuwa amelala upande, midomo imepasuka, macho membamba. Macho hayo yalimfuata mama yake kutoka mlangoni mpaka kitini.

"Ulikuwa wapi?" akauliza kwa sauti ndogo ya kukwaruza.

"Kwa nyanya."

"Alinitumia viazi?"

Hapo ndipo Ntinyari alipoanguka magotini na kulia mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Muchangi alisema ni dawa, ilianza kufanya kazi saa sita mchana. Mwalimu huyu ana sababu za kila kitu, na safari hii alizitoa huku akipangusa macho yake mwenyewe.

Baada ya wiki mbili alirudi kwenye ile disketi. Aliondoa nambari zote, na chini ya ukurasa wa mbele akaondoa jumla. Kila mtu alimpa jina lake, MWENDWA, MARCELLA, BUNDI, moja moja, kwa herufi zisizozidi nane. Picha yake mwenyewe alitia mpya, aliyopigwa ya kitambulisho, akaiita NTINYARI. Kisha akafika kwa ile ya mtoto mgongoni. Aliikuza tena. Aliutazama ule uso, jicho moja wazi, na miti nyuma. Akaandika jina: NTINYARI.

Mashine ilikataa. Ilimwambia kwamba jina hilo lina mwenyewe tayari, ikamwuliza kama amwondoe aliyekuwapo amweke huyu mahali pake.

Phyllis anasema alimwona mwenzake ameduwaa mbele ya skrini muda mrefu mno, akafikiri labda Sheila amezidiwa tena. Ntinyari alibonyeza hapana. Alirudi kwenye picha yake ya kitambulisho, akafuta herufi zote nane, akajiandika LYDIAH. Kisha akampa mtoto jina, na safari hii mashine ikalipokea bila swali.

Tangu hapo hata akienda Kibirichia anataka aitwe Lydiah. Ukimwita lile jingine haitiki, na majirani wanasema mji umemtia maringo, amelikataa jina la nyanya yake. Wanayasema hayo hata mbele ya Marcella. Yeye huwatazama tu, halafu anarudi kuchagua viazi.